Kipusa: Historia ya Kuangamizwa kwa Faru wa Afrika Mashariki

Katika Kiswahili cha wafanyabiashara wa zamani, pembe ya faru ilikuwa na jina lake mbali na mnyama mwenyewe, nalo ni kipusa, kama pembe kubwa ya ndovu ilivyoitwa buri na ndogo ikaitwa kalasha. Majina haya hayakuzaliwa porini bali katika maghala na mizani ya pwani, mahali ambapo mnyama hakufika kamwe akiwa mzima, na kwa hiyo yanaeleza jambo la msingi katika historia hii: kwamba kwa muda wa karne nyingi faru alijulikana kwa watu wengi waliofaidika naye kama bidhaa tu, iliyokwisha kutengwa na mwili uliokuwa ukiioteshea. Wasomi hutumia neno "kutoweka" kwa aina ya mnyama inayomalizika duniani, lakini neno hilo lina upungufu, kwa sababu linafanya ionekane kana kwamba mnyama huondoka mwenyewe. Faru wa Afrika Mashariki hawakuondoka. Waliondolewa, kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti, na waliowaondoa wengi wao walikuwa na kibali mkononi.

Afrika ina aina mbili za faru, ambazo kwa desturi huitwa faru mweusi na faru mweupe, ingawa rangi za ngozi zao hazitofautiani sana na wote wawili huonekana kuwa na rangi ya udongo waliogaagaa. Tofauti ya kweli iko mdomoni. Faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaoutumia kama kidole kuvuta majani na vijiti vya vichaka, ilhali faru mweupe, aliye mkubwa zaidi, ana mdomo mpana ulionyooka wa kulia nyasi. Pembe zao hazina mfupa ndani. Zimejengwa kwa keratini, yaani ile ile protini inayojenga kucha na nywele za binadamu, na zikikatwa bila kuumiza nyama huota tena. Faru jike hubeba mimba kwa miezi 15 hadi 16, huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka miwili na nusu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hii, ambaye akiwa mkubwa hana adui wa kumtisha isipokuwa mtu, hakuwa na haja ya kuzaa haraka. Hesabu hiyo ya uzazi ilimtosha kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo iliyomponza bunduki ilipofika.

Biashara ya kipusa ni kongwe kuliko miji mingi ya pwani. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 baada ya Kristo, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja bandari ya Rhapta, inayodhaniwa kuwa ilikuwa katika mwambao wa Tanzania ya leo, na miongoni mwa bidhaa zilizotoka huko kinataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Kwa hiyo kwa karibu miaka 2,000 pembe ya faru imekuwa ikivuka bahari kwa pepo za msimu kwenda Arabuni, India na mbali zaidi hadi China, ambako ilisagwa na kuwa dawa ya homa au ikachongwa vikombe. Hata hivyo faru hawakupungua kwa kiasi cha kutisha katika karne hizo zote. Wawindaji wa bara, kama Wakamba na Waata waliotumia mishale iliyopakwa sumu ya mti wa msunguti, walimwendea mnyama huyu kwa miguu na kwa karibu, na hatari ya kazi yenyewe iliweka mpaka. Mtu asifikiri kwamba wawindaji hao walikuwa walinzi wa mazingira kwa maana ya leo. Walichukua walichoweza, na walichoweza kilikuwa kidogo.

Mpaka huo ulivunjika mwishoni mwa karne ya 19, pale bunduki za risasi nzito zenye kujazwa upesi zilipoingia bara pamoja na misafara ya biashara ya Zanzibar, wapelelezi wa Kizungu na hatimaye majeshi ya wakoloni. Reli kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, iliufanya ukanda wa nyika uliokuwa ukivukwa kwa majuma mengi ya mateso kuwa safari ya siku chache, na neno hilo la safari, lililomaanisha mwendo wa wapagazi na mizigo yao, likachukuliwa na matajiri wa Ulaya na Marekani kuwa jina la burudani ya kuua. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipotua Mombasa mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit, msafara wao ulikuwa na kazi ya kukusanya vielelezo kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na baba na mwana peke yao waliua wanyama 512. Miongoni mwao walikuwamo faru 20, weusi 11 na weupe 9, na hao weupe waliuawa katika eneo la Lado, magharibi ya Mto Nile, ambako waliishi faru weupe wa kaskazini, nususpishi iliyokuwa imepewa jina la kisayansi mwaka 1908 tu. Nususpishi ni tawi la spishi moja lililotengwa kijiografia kwa muda mrefu hata likawa na tabia na maumbile yake. Ndiyo kusema kwamba sayansi ilimpa mnyama huyo jina na bunduki ya mgeni mashuhuri ikamfikia karibu kwa wakati mmoja.

Serikali za kikoloni hazikuwa vipofu. Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji mwaka 1896, na mnamo Mei 1900 madola ya Ulaya yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika, bila Mwafrika hata mmoja kuulizwa. Sheria zilizofuata zilifanya jambo ambalo athari yake haijaisha mpaka leo: ziligawa tendo moja katika majina mawili. Mtu mwenye leseni, ambayo bei yake ilimzidi kimo mwanakijiji, aliitwa mwindaji, na alichokiua kiliitwa nyara. Mtu mwenye upinde na mtego aliyekuwa akiwinda katika ardhi ya babu zake aliitwa jangili. Katika macho ya faru tofauti hiyo haikuwapo, na katika macho ya wanakijiji ilikuwa dhuluma, hata hifadhi zenyewe zilipoanzishwa baadaye zikaonekana kwa wengi kuwa mali ya watu wengine.

Mauaji makubwa kuliko yote yaliyoandikwa ya faru katika Kenya hayakufanywa na jangili wala na mtalii, bali na mtumishi wa serikali. Wakamba wa Machakos walikuwa wamebanwa katika vilima vilivyochakaa kwa mmomonyoko wa udongo, kwa kuwa sehemu ya ardhi waliyokuwa wakilishia mifugo ilikwisha kutwaliwa kwa ajili ya walowezi, na serikali ya kikoloni, badala ya kuigusa ardhi ya walowezi, iliamua kufyeka nyika ya Makueni ili kuwahamishia baadhi yao huko. Nyika hiyo ilikuwa na mbung'o na ilikuwa na faru. Ili vichaka vifyekwe na vibarua kwa usalama, Idara ya Wanyamapori ilimpeleka mwindaji wake, J. A. Hunter, naye kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 akaua faru 996. Idadi hiyo inapita idadi ya faru weusi wote waliohesabiwa nchini Kenya miaka 75 baadaye. Hunter mwenyewe, katika kitabu alichokitoa baadaye, alionyesha shaka kama ekari chache zilizopatikana zilistahili gharama hiyo, lakini shaka hiyo ilikuja mizoga ilipokwisha kukauka. Tukio la Makueni linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa, kwa sababu linavunja imani iliyoenea kwamba adui wa mnyama wa porini ni mhalifu peke yake. Pale hakukuwa na uhalifu wowote. Kulikuwa na mpango wa maendeleo, bajeti na orodha ya risasi.

Pamoja na hayo yote, katikati ya karne ya 20 faru mweusi alikuwa bado mnyama wa kawaida. Hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, ilikuwa na maelfu yao, na mtafiti John Goddard aliwatambua mmoja mmoja faru zaidi ya 100 ndani ya kreta ya Ngorongoro, yaani lile bakuli kubwa lililobaki baada ya volkano kuporomoka, katika miaka ya 1960. Mnamo mwaka 1970 Afrika yote ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 65,000, na kati yao karibu 20,000 walikuwa Kenya. Kilichofuata kilitokea ndani ya maisha ya ndama mmoja aliyezaliwa mwaka huo.

Chanzo kimoja kilikuwa ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Katika Yemen ya Kaskazini mwanamume mwenye heshima zake huvaa jambia kiunoni, na mpini wa jambia unaothaminiwa kupita yote ni ule wa pembe ya faru, kwa kuwa kadiri unavyoshikwa ndivyo unavyong'aa na kupata rangi ya kaharabu. Zamani mpini kama huo ulikuwa wa masayidi, makadhi na matajiri wachache. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, vijana wa Yemen kwa mamia ya maelfu walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na fedha ambazo baba zao hawakuziota, na kila mmoja akataka jambia ambalo hapo awali lilikuwa la wakubwa. Kwa upande wa mashariki ya mbali, waganga wa tiba za jadi waliendelea kuagiza pembe kwa ajili ya homa, na si kwa nguvu za kiume kama inavyosimuliwa mara kwa mara. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi na kuuawa nyumbani kwake humo mwaka 2018, alitumia miaka mingi kupita katika karakana za soko la mji wa Sanaa, Yemen, akiuliza bei na kupima vumbi la pembe, maana hata unga uliobaki baada ya kuchonga mpini uliuzwa tena. Kutokana na kazi yake dunia ilijua njia ilivyopita: mtu mmoja nyikani akipata fedha za kununua ng'ombe wachache, dalali wa mjini, ofisa wa bandari, jahazi, msonara, na mwishoni kijana mwenye furaha siku ya harusi yake ambaye pengine hakuwahi kuona hata picha ya faru.

Chanzo cha pili kilikuwa silaha. Vita vya Sudan, vita vya Ogaden na vita vya kumwondoa Idi Amin mwaka 1979 viliacha bunduki za rashasha mikononi mwa watu wasio na mishahara, na askari wa wanyamapori wenye bunduki za zamani walijikuta wakikabiliana na magenge yaliyowazidi nguvu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya nyara. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa kifupi cha CITES, ulikwisha kuzuia biashara ya pembe za faru kati ya nchi wanachama. Sheria zilikuwapo, basi, ila zilitungwa nyuma ya msafara uliokuwa umekwisha kupita, na baadhi ya watu waliopaswa kuzisimamia walikuwa sehemu ya msafara huo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na faru weusi pungufu ya 400. Uganda haikuwa na hata mmoja. Katika Serengeti, ambako mamia yao walikuwa wakionekana, walibaki majike wawili katika miamba ya Moru, bila dume, hadi faru mmoja aliyepewa jina la Rajabu alipotoka mwenyewe Ngorongoro katika miaka ya 1990 na kuwafikia. Katika Afrika yote idadi ya faru weusi mwaka 1995 ilikuwa chini ya 2,500.

Si kila mtu aliyaangalia haya kimya. Huko Mombasa kijana aitwaye Michael Werikhe alikuwa ameajiriwa katika ghala la serikali, kazi yake ikiwa kupanga na kupima pembe za ndovu na za faru zilizoletwa kwa ajili ya mnada, na rundo lile lilipomshinda moyo aliacha kazi, akaajiriwa katika kiwanda cha kuunganisha magari. Desemba 1982 alianza kutembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 500, akisimama vijijini kuwaeleza watu habari za faru na kuchangisha fedha. Baadaye alitembea katika nchi za Afrika Mashariki, kisha Ulaya mwaka 1988, kisha Amerika Kaskazini. Fedha alizozikusanya zilisaidia kujenga maboma ya kulindia faru, lakini mchango wake mkubwa ulikuwa mwingine: alikuwa mtu wa pwani, mfanyakazi wa kawaida, aliyewaambia watu wake kwa lugha yao kwamba mnyama huyu ni wao, baada ya karne nzima ya kuambiwa kwamba ni wa wenye leseni. Alikufa Agosti 1999 baada ya kuvamiwa na majambazi mjini Mombasa.

Uokozi uliofuata ulikuwa wa gharama na wa aibu kidogo, kwani ulihitaji kumfungia mnyama wa nyika ndani ya uzio. Nchini Kenya faru waliotawanyika walikamatwa mmoja mmoja na kupelekwa Nakuru, Nairobi, Ngulia katika Tsavo Magharibi, Lewa na Ol Pejeta, mahali ambapo askari waliweza kuwaona kila siku. Tanzania iliendesha Operesheni Uhai mwaka 1989 dhidi ya ujangili, na baadaye ikarudisha faru Mkomazi kutoka Afrika Kusini na kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Rwanda, ambayo faru wake wa mwisho wa Akagera alionekana mwaka 2007, ililetewa wengine 18 mwaka 2017. Yemen nayo ilizuia uingizaji wa pembe mwaka 1982, ingawa ilichukua miaka mingi kabla zuio hilo halijauma, na mafundi wa jambia wakahamia pembe za nyati wa majini. Kwa faru mweusi wa Afrika Mashariki juhudi hizi zilitosha, kwa kiasi. Faru mweusi wa magharibi, aliyekuwa na makazi yake ya mwisho Kamerun, hakupata bahati hiyo, na mwaka 2011 Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Mazingira ulimtangaza kuwa amekwisha.

Lililo chungu zaidi ni la faru mweupe wa kaskazini, yule wa Lado. Mwaka 1960 walikadiriwa kuwa 2,000 hivi katika Uganda, Sudan, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Katika hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, waliokuwa zaidi ya 1,000 waliangushwa wakati wa uasi wa wapiganaji walioitwa Simba hadi wakabaki kama 100, wakaongezeka tena polepole, kisha ujangili ukawarudisha hadi 15 mwaka 1984. Walinzi wa Garamba, wengi wao wakifanya kazi katika nchi ambayo mishahara ilikuwa haifiki, waliwakuza hao 15 hadi kufikia 30 hivi mwanzoni mwa karne hii, kazi ambayo haijapewa sifa inayostahili. Ndipo magenge ya wapanda farasi kutoka Sudan yalipoingia. Mpango wa kuwahamishia watano wao nchini Kenya mwaka 2005 ulikwama katika mabishano ya kisiasa kuhusu nani mwenye mali, na tangu mwaka 2006 hakuna aliyethibitishwa kuonekana tena porini.

Nje ya pori walibaki wachache katika bustani za wanyama, ambako hawakuzaa ipasavyo, na Desemba 2009 wanne kati yao walisafirishwa kwa ndege kutoka bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, hadi Ol Pejeta karibu na Mlima Kenya, kwa matumaini kwamba jua na nyasi za Afrika zingewaamsha. Walikuwa madume wawili, Suni na Sudan, na majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Suni alikufa Oktoba 2014. Sudan, aliyekamatwa akiwa ndama katika nchi iliyompa jina mwaka 1975, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Najin ana miguu ya nyuma iliyodhoofika na Fatu ana maradhi ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo hakuna anayeweza kubeba mimba. Tangu mwaka 2019 wanasayansi wamekuwa wakitoa mayai na kuyarutubisha maabara kwa mbegu za madume waliokufa zilizogandishwa, wakikusudia kuzipandikiza mimba changa hizo katika majike ya faru weupe wa kusini. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na inastahili kuombewa heri. Lakini ndama huyo akizaliwa atajifunza kuwa faru kutoka kwa mama wa ukoo mwingine, katika nchi ambayo mababu zake hawakuishi, akilindwa na watu wenye bunduki mchana na usiku.

Mwaka 2021 Serikali ya Kenya ilifanya sensa ya kwanza ya wanyamapori wa nchi nzima. Taarifa yake inaonyesha kwamba nchi ilikuwa na faru 1,739. Weusi, ambao ndio wenyeji wa nyika ya Makueni na Tsavo, walikuwa 897. Weupe wa kusini, ambao asili yao ni Afrika Kusini, walikuwa 840. Weupe wa kaskazini walikuwa 2.